Hodi ya Nne

Romanus alifika msibani katika kijiji cha Maji ya Chai saa mbili asubuhi, akashusha spika nne, jenereta na miksa, akaanza kuunga nyaya moja moja bila haraka. Kukodisha mitambo ya sauti kwenye harusi na misiba ndiyo kazi iliyomlisha. Leo hakuja kikazi. Aliyekuwa anazikwa mgombani mchana huo ni Abdiel, mwenzake wa bendi, ambaye pombe ilikula ini lake taratibu, mwaka hadi mwaka, mpaka likaisha.

Ebenezer, mdogo wake marehemu, alimwendea na karatasi ya ratiba mkononi.

"Kaka Roma, ikishasomwa historia ya marehemu, Nashipae ataimba Hodi ya Nne."

"Napiga rekodi yetu. Ile yenyewe."

"Ile ya makelele?" Ebenezer alitaka kucheka, akakumbuka alipo. "Kaka, kuna wachungaji watatu hapa. Ukiipiga ile, marehemu ataamka mwenyewe akuombe upunguze."

"Aliniomba mwenyewe. Nikamuahidi."

Ebenezer akamtazama, akaandika kitu pembeni mwa ratiba, akaondoka.

Wimbo ulikuwa wao kweli. Abdiel alitunga maneno na kuimba, Romanus akapiga gitaa. Waliurekodi mwaka 2004 katika chumba kimoja mtaa wa Sokon One kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Redio iliupiga wiki moja. Wenye baa za Levolosi waliwaambia roki inafukuza wateja. Bendi ikavunjika, kila mtu akashika lake.

Miaka ishirini baadaye akaja Nashipae, mwalimu wa chekechea, kumwomba Abdiel ruhusa ya kuurudia. Aliuimba polepole, bila ngoma, kwa gitaa moja la kukwaruza. Haikupita miezi miwili ukawa kwenye simu za watu mji mzima, na watu wakawa wanasema "ule wimbo wa Nashipae". Romanus akiusikia dukani, aliacha alichokuwa ananunua, akatoka. Hakuwahi kuusikiliza hadi mwisho.

Wiki tatu kabla ya kufa, Abdiel alimwambia akiwa kitandani hospitali, "Tusidanganyane, Roma. Yule binti ametuzidi."

"Hajatuzidi kitu."

"Haya. Basi siku yangu piga yetu. Nataka wanisikie mimi, hata mara moja tu."

Historia ya marehemu iliposomwa, Romanus akaweka sidii, akapandisha sauti. Gitaa lilipasuka chini ya turubai. Mtoto mmoja akaangua kilio. Kina mama wa kwaya wakatazamana, na mchungaji mmoja akainamisha uso kama mtu aliyepigwa na vumbi. Katikati ya ngurumo ile kulikuwa na mtu anapiga kelele, lakini maneno yake hayakushikika.

Mama yake Abdiel, Bibi Evaresta, aliinuka kwenye kiti cha mbele, akaja hadi kwenye miksa akiegemea bega la Ebenezer.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zima kwanza." Romanus akazima. "Mwanangu yuko wapi humo? Mimi simsikii."

"Yumo, mama. Ngoja nikutolee."

Alishusha besi, akapandisha sauti za kati, akarudisha wimbo nyuma na kuupiga tena. Gitaa likapanda pamoja na sauti. Akajaribu mara ya tatu. Vilirekodiwa pamoja, na hapakuwa na kitufe cha kuvitenganisha.

"Huyo hapo, mama. Sikiliza."

"Nasikia gitaa," alisema Bibi Evaresta, bila hasira. "Gitaa ni wewe."

Romanus akatoa sidii. Yeye mwenyewe akachukua maiki, akampelekea Nashipae, akachomeka na gitaa la binti huyo.

"Kaka, naweza kuacha," Nashipae alimnong'oneza. "Sikuja kugombania."

"Imba."

Akaimba. Ubeti wa kwanza Romanus aliujua: mtu anafika mlangoni, anapiga hodi tatu, haitikiwi, anageuka kama adabu inavyotaka. Siku zote alidhani ni wimbo wa mwanamke aliyegoma kufungua. Kisha ukaja ubeti wa pili, mahali ambapo kwenye rekodi yeye alipiga gitaa kwa nguvu zake zote, likafunika maneno.

*Nimo ndani, mwenzangu, mdomo ndio mzito.*
*Usihesabu tatu ukaenda. Ongeza ya nne.*

Mkono wake ukabaki juu ya miksa. Alikumbuka kile chumba cha trei za mayai, Abdiel akimwambia apunguze gitaa hapo, hapo tu, na yeye akijibu kwamba watu hawaji kwenye roki kusikiliza mahubiri. Akakumbuka pia Januari iliyopita. Alikuwa anapita na mitambo kwenye gari, akasimama kwenye mlango wa Abdiel. Alipiga hodi tatu. Ndani mtu alikohoa. Romanus akajiambia amelewa, mwache alale, akarudi kwenye gari.

Kina mama walikuwa wanalia waziwazi. Bibi Evaresta hakuwa akimtazama Nashipae. Aliikazia macho spika.

"Ndiye huyo," alisema. "Ndiye mwenyewe. Mwambie arudie."

Ebenezer alichungulia saa, akaikunja ratiba, akaitia mfukoni.

Nashipae akaanza upya. Ulipokaribia ubeti wa pili, Romanus akashika kitufe cha gitaa, akakishusha mpaka chini kabisa. Sauti ikabaki peke yake chini ya turubai, kila neno wazi. Ng'ambo ya migomba, wachimba kaburi walikuwa wamesimama na majembe yao, wakisubiri wimbo uishe.