Mashamba ya Bafuni

Mtaa mzima ulimwita Msafiri, na mwenyewe wala hakukataa. Kila Ijumaa asubuhi mpiga taipu huyu mstaafu alifunga kofia pana kidevuni, akabeba kikapu cha brashi na karatasi, akaaga mlangoni pa saluni: "Haya jamani, nakwenda mashamba!" Jioni alirudi na vipicha vitatu vya rangi za maji, kila kimoja saizi ya kiganja: mabonde, misitu, mto unaopinda. Msusi, binti wa kaka yake, alivibandika juu ya vioo, na wateja wakavisifia hadi shingo zikawauma.

Ukweli ni kwamba gari likianza tu kutembea, Msafiri hutapika. Mashamba yake yalikuwa bafuni kwa mdogo wake, mitaa mitatu kutoka pale, ambako bomba bovu lilikuwa limelowesha ukuta kwa miaka sita. Ukungu wa kijani ndio msitu. Ufa ndio mto. Plasta iliyovimba, milima hiyo. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akachora, mdogo wake akimletea chai na umbeya.

Maji yakamfika shingoni siku msusi alipotangaza: "Gari nimeshakodi! Ijumaa shangazi anatupeleka kwenye hili bonde lake."

"Mbali huko, mwanangu. Na barabara mbovu."

"Wewe na magoti hayo unakwenda kila wiki, sisi ndio tushindwe?"

Angekiri, saluni ile ingemtafuna hadi mifupa. Ijumaa akajikaza, akapanda, limau puani.

Nyumba za mwisho za mji hazijapotea vizuri, tumbo likageuka. "Simamisha!" akapiga ukelele, akashuka mbio, akainamia kichaka. Nyuma yake vikapasuka vigelegele.

"Ndilo hili! Oneni mto unavyopinda!"

Akajifuta mdomo, akatazama. Kweli, bonde. Na mto.

"Nisamehe, shangazi," mteja mmoja akasema. "Miaka yote nilidhani unatupiga kamba."

Wakamkalisha kwenye jiwe achore. Akachora kile alichokiona, nyasi kwa nyasi. Msusi akakishika kile kipicha, akakunja uso.

"Hiki umekosea, shangazi. Kama ukuta ulioota ukungu!"

Wakati wa kurudi, vumbi hadi kwenye kope, msusi akasema, "Dereva, tupitishe kwa shangazi mdogo tukaoge."

Msafiri akakumbuka bafu lile. Ukuta ule wangeutambua wote. Walikuwa nao juu ya vioo vyao. Gari liliposimama akatangulia mbio, akagongana na mdogo wake mlangoni, mikono myeupe hadi viwiko.

"Tulia, dada," akamnong'oneza. "Nilijua hawa watataka maji. Fundi bomba kaja asubuhi, chokaa nimepaka mwenyewe. Ushahidi wote nimefuta."

Wageni wakaoga, wakasifu bafu jinsi linavyong'aa. Wa mwisho kuingia alikuwa Msafiri. Akasimama mbele ya ukuta mweupe pe. Hakuna msitu, hakuna mlima, hata kijito.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa dereva.

"Ijumaa ijayo una nafasi?" akauliza, huku akipapasa kikapuni kama limau limebaki.