Mtangazaji Aliyekataa Kiti

Kitendawili, nawe uliyenyoosha miguu hapo utege sikio: huingia kila nyumba bila hodi, na kwake hakuna wa kumkaribisha. Umeshindwa? Nipe mji. Ni Theodory, mtangazaji wa mpira wa redioni.

Alitangaza tangu mwaka wa Uhuru, na siku zote wima. Watu walisema ni mori wa mpira. Kumbe lori lililopinduka naye Mikumi, akienda kwenye mechi yake ya kwanza, lilimwachia mgongo usiotaka kukaa. Akikaa, moto unashuka hadi unyayoni. Hakumwambia mtu. Wakubwa wakijua watampa mwingine kipaza sauti, na bila hicho angebaki na chumba cha kupanga na kitanda tu.

Mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa alipanda treni mpaka Kilosa, akaenda Chanzuru kwa dada yake Generoza, ndugu pekee aliyembakia.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba, sauti ya taifa! Ndiyo wewe mwembamba hivi?”

Majirani wakajaa. Generoza akatoa kiti cha marehemu baba yao, akakipangusa kwa khanga. “Karibu kiti, mdogo wangu.”

“Ahsante, dada. Nitasimama.”

Kule mgeni hakatai kiti. Kukikataa ni kuitukana nyumba.

“Mwacheni,” akasema jirani, mzee Mathayo. “Kiti chetu hakina kipaza sauti!”

Wakacheka. Theodory naye akacheka, akashika nguzo ya baraza, akawatangazia mechi ya kubuni, Chanzuru na Msowero. Wakashangilia, wakaenda zao. Ugali akaula wima, macho nje, kama mtu anayesubiri treni.

Generoza akakusanya vyombo. “Theodory, nyumba yangu imekukosea nini?”

Theodory akachukua mkoba wake.

“Haya, nenda. Baki huko huko redioni.”

Alifika njiani, akasimama. Aliiona moyoni Jumapili ya mechi: sauti yake ikiingia nyumba ile, na mkono wa dada ukiizima. Nyumba nyingine zote zilimjua kwa sauti tu. Hii ilimjua tangu anatambaa.

Akarudi. Generoza alikuwa anapukuchua mahindi, hakuinua uso. Na yule asiyewahi kukosa neno hewani akashika tena nguzo ya baraza.

“Hukunikosea, dada,” akasema. “Naumwa mgongo. Tangu lile lori la Mikumi, siwezi kukaa.”