Kumlaki Maganga

Kaka yangu Bwanausi amekaa barazani, kanzu nyeupe pe, kikombe cha kahawa mkononi, ananiambia, "Mwaija, sisi waungwana. Nikimbilie wageni porini, kwani mimi mwombaji? Watabisha hodi."

Hodi ya nani! Tangu enzi za baba, misafara ya Unyamwezi ikifika Bagamoyo ilifikia uani kwetu. Tuliwalaza, tukawalisha, tukawauzia pembe zao za ndovu kwa Wahindi, na fungu letu ndilo lililotuweka mjini. Mwaka wa tatu huu mabanda ya wageni yanalala kuku. Alawi, mtu wa kuja juzi, anawafuata njiani na mbuzi na ngoma, anawazoa wote. Na huyu kaka yangu anapuliza kahawa! Wallahi nilitamani kummwagia.

"Basi nakwenda mimi."

"Utanitia aibu."

"Aibu ni kuuza nyumba ya baba. Dalali kishakuja mara mbili, au hukumwona?"

Akajimiminia kahawa nyingine.

Nikakusanya wanawake saba wa mtaani, tukapika wali na samaki, tukajitwika vyungu mpaka kivuko cha Ruvu. Jua kali, miguu imevimba, nami namtukana kaka yangu njia nzima. Jirani yangu Ashatu akacheka, "Shoga, bakiza matusi ya kurudia."

Tulikuta msafara ndio unavuka. Mbele yuko Maganga, ambaye baba yake alilala kwetu miaka yote. Aliponiona akashika kinywa.

"Mwaija? Mko hai?"

"Tusiwe hai kwa nini?"

"Wenzenu wanatulaki. Kwenu hakutoka mtu, mwaka wa kwanza, wa pili. Nikasema wamekufa, au wametuchoka. Nitabishaje hodi kwa mtu aliyenichoka?"

Nikamfunulia chungu. Akatikisa kichwa. Amekwisha kula mbuzi wa Alawi juzi, na kwao ukishakula cha aliyekulaki, mwenyeji wako ni huyo.

Lo, nililia kwa hasira! Miaka mitatu tunaringa, kumbe tunawafukuza wageni wetu wenyewe.

"Nyuma yako kuna msafara mwingine?"

"Upo. Siku nne kutoka hapa."

"Alawi ameufikia?"

"Bado."

Wali tukaula wenyewe palepale. Ashatu akavua ushanga wake shingoni, akasema utatupatia mbuzi huko mbele. Nikamwambia Maganga akifika mjini amwambie Bwanausi ajipikie, sisi tumevuka mto.