Vifuko Vinne kwa Kikapu

Bi Kwok Sau-ngo hujitapa kwamba Hong Kong nzima hakuna wa kumshinda kwa kula vitafunio vya mvuke. Akikitazama tu kifuko cha unga chenye kamba wa baharini ndani yake anakwambia unga wake umekandwa na mkono wa mzee au wa kijana. Hujitapa hivyo, kisha mwenyewe huongeza kwamba mwezi uliopita alimung'unya mguu wa kuku, akakutana na kitu kigumu, akamlaani mpishi na ukoo wake wote, kumbe ni meno yake mwenyewe ya bandia.

Zamani maneno hayo aliwaambia mashoga zake watatu. Kila mwezi walipanda treni kwenda Guangzhou, maana kule asubuhi za siku za kazi kikapu cha vitafunio ni nusu bei, na kamba wake bado anaitika ukimtafuna. Kikapu kimoja vifuko vinne, midomo minne, ugomvi hakuna. Waliagiza vikapu tele wakaonja kila kitu. Sasa Ngan amezikwa, Tou amechukuliwa na mwanawe Manchester, na wa tatu hamtambui hata anayemlisha. Vifuko bado ni vinne kikapuni. Sau-ngo akila kikapu kimoja na nusu tumbo limejaa, na vingine huvitazama tu vikipita kwenda kwenye meza za watu.

"Wangapi, mama?" mhudumu wa nyumba ya chai ya Guangzhou alimuuliza mlangoni asubuhi moja, alipokwenda peke yake.

"Mmoja."

"Bibi mmoja!" mhudumu akapaza sauti, ukumbi mzima ukageuka. "Nani ana kiti kimoja?"

Akabanwa kwenye meza ya mwanamke wa umri wake, nywele nyeusi tititi kwa rangi ya dukani, aliyekuwa akila mkate laini wa mchele bila kuinua macho. Wasiojuana wakikaa meza moja, adabu yao ndiyo hiyo: kila mtu na kikapu chake na macho yake. Sau-ngo akasuuza bakuli kwa chai ya moto, akaagiza vifuko vya kamba. Cha kwanza kilikuwa kitamu mno, ngozi nyembamba mpaka wekundu wa kamba unachungulia. Akainua kichwa apate wa kumwambia. Akaona utosi wa jirani. Akakimeza.

Hapo simu ikalia. Ni Pui-shan, binti yake aliye Toronto.

Tangu Sau-ngo aanguke kwenye kituo cha treni majira ya baridi, Pui-shan alishaapa: ukisafiri peke yako tena, nakuja kukuchukua uishi na mimi. Maana yake theluji mpaka dirishani, na mkwe ambaye Kikantoni chake chote ni "asante". Basi Sau-ngo akambuni Bi Yim, shoga mpya wa mazoezi ya asubuhi. Bi Yim alikuwa mtu mzuri sana, mcheshi, hamwachi mwenzake nyuma. Kuna jioni Sau-ngo alijikuta akitamani kumpigia simu.

"Dada," akamnong'oneza jirani, simu ikiendelea kulia, "nisitiri. Mwanangu hataki nisafiri peke yangu. Dakika mbili tu, uwe Bi Yim."

Mwanamke akaacha kutafuna. "Ana pesa huyo Bi Yim?"

"Ana kisukari."

"Aa. Basi nusu yake ninayo."

Sau-ngo akabonyeza, uso wa binti ukajaa kwenye kioo.

"Mama, uko na nani huko?"

"Na Bi Yim, si nilikwambia? Huyu hapa."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu!" Bi Yim akajitosa kwenye picha, meno yote nje. "Mama yako ananitesa! Anakula kama kaalikwa harusini, halafu mimi ndiye wa kumkokota mpaka kwenye treni."

"Mwongo mkubwa wewe! Nani kamkokota mwenzake?" Sau-ngo akacheka mpaka machozi yakamlenga. Ulikuwa umepita muda mrefu hajataniwa na mtu mezani.

Pui-shan naye akacheka. "Hebu nionyesheni mnachokula, nitamani."

Sau-ngo akaigeuza simu, akaipitisha juu ya meza. Kicheko cha Toronto kikakatika.

"Mama, mbona kila mtu ana buli lake? Waliokuja pamoja si hunywa buli moja?"

"Yeye anakunywa chai nyeusi, mimi ya maua," Sau-ngo akasema upesi. "Mambo ya kisukari hayo."

"Nionyeshe ndani."

Bi Yim akafunua buli lake bila kusita. Sau-ngo naye akachungulia, maana alikuwa amebahatisha tu. Chai ilikuwa nyeusi kweli, nyeusi kama mchuzi wa soya.

"Haya," Pui-shan akasema, sauti imelainika. "Nisamehe, mama. Kuleni. Shangazi, niangalizie."

"Usijali, mwanangu."

Lakini simu ilikuwa haijakatwa na buli bado liko wazi, na kwenye nyumba ya chai buli lililofunuliwa linaita maji. Mhudumu alikwisha kufika na birika lake, kainama katikati ya picha, anamimina.

"Kumbe mnajuana, bibi?" akamwambia Sau-ngo, kwa sauti ileile ya mlangoni. "Sasa mbona uliniambia uko peke yako? Ningewawekea buli moja."