Milimita za Aprili

Tarehe thelathini, saa mbili na nusu asubuhi, binti wa vipimo alifagia korido ya ofisi ya hali ya hewa, akapangusa benchi refu, akasuuza mtungi wa kioo wenye alama za milimita. Kina Aprili walikuwa wanakuja. Ndiyo ilikuwa desturi ya ofisi: mwezi ukiisha, wenzake wa jina hilohilo wa miaka thelathini iliyopita huja kama watu, ili mwezi mgeni alinganishwe nao. Waliingia wanawake watu wazima, vitambaa vimelowa kichwani, miguu ina tope. Walisalimia, wakaketi kwa kufuata miaka yao. Yule wa mwaka wa mafuriko aliombwa akae karibu na mlango, maana alikuwa anachuruzika.

Binti aliwaitikia bila kuwatazama usoni.

Kazi yake ilikuwa kupanda kilimani kila siku saa tatu asubuhi kusoma kipimo cha mvua. Wiki ya kwanza alipanda, akakuta kikavu, kikavu, kikavu. Siku ya tisa alijiambia kwamba ukavu hauhitaji kwenda kutazamwa, akabaki na chai yake. Mwezi ulipokaribia kwisha fomu ilikuwa na mapengo, na mkuu wake alizoea kusema kwamba fomu yenye mapengo ni kibogoyo, haitafuni kitu. Kujaza sufuri tupu aliogopa: angeletwa mkaguzi kuuliza kama kipimo kinavuja. Basi alichukua wastani wa miaka thelathini, akautawanya kwenye siku, hapa akiongeza, pale akipunguza, ufanane na kweli. Zikawa milimita mia na themanini na saba. Kawaida kabisa.

Kule kilimani aliishi shangazi yake aliyemlea. Mahindi ya huko yalikuwa yameungua kabla hayajafika kiunoni, na bwana shamba alikuwa ameahidi kugawa mbegu nyingine iwapo ripoti ingesema kuna ukame.

Aprili wa mwaka huu aliingia wa mwisho, mwembamba, visigino vimepasuka. Wenzake walikuwa wameshakamua vitambaa vyao mtungini, mmoja mmoja, na maji ya kila mmoja yakalingana na daftari. Yeye alivua chake, akakikamua kwa mikono miwili. Likatoka vumbi, kiasi cha kijiko.

Mkuu alitazama vumbi, akatazama fomu.

"Wewe ulipanda kila siku?" alimuuliza binti.

Akisema hapana, fomu ingerekebishwa mchana huohuo, na yeye angefukuzwa kabla ya jioni.

"Nilipanda, mkuu."

"Basi huyu amemwaga njiani," mkuu alisema, akapiga muhuri.

Aprili hakubisha. Alikunja kitambaa chake, akamfuata binti koridoni, akamwinamia sikioni.

"Binti, hizo mia na themanini na saba ulizoniandikia, nizibebee wapi?"

Binti alimwonyesha benchi. Yule wa mafuriko alisogea, wakabanana, na tangu siku hiyo Aprili mpya akahesabiwa mmoja wao. Wastani haukutikisika hata kidogo.

Siku ya tatu shangazi alipiga simu. Hakuwa na hasira. Alisimulia kwamba bwana shamba amewasomea ripoti, na mbegu hazitakuja kwa sababu mvua ilitosha. Jirani mmoja alikuwa amemuuliza bwana shamba hiyo mvua ilinyesha kijiji kipi, wahamie huko, watu wakacheka, kisha wakatawanyika makwao.

"Mimi sikucheka," shangazi alisema. "Nimewaambia anayepima ni mwanangu, nimemlea mwenyewe, hawezi kuandika asichokiona. Labda ilinyesha tumelala."

Binti alihamishia simu sikio la pili.

"Labda, shangazi," alisema, akaanza kumuuliza habari za kuku.