Kazi na Malipo Tu

Mara ya kwanza mama yake alikuja dukani na gauni ambalo halikuwa na kasoro hata moja. Alisimama mlangoni, mkoba ameubana kwapani, akasema anatafuta fundi wa kumpunguzia pindo. Anatafuta fundi! Fundi mwenyewe amemzaa yeye, akamnyonyesha, akamfundisha kutunga uzi kwenye sindano, leo anamuulizia kama aliyeelekezwa na watu wa njiani. Fundi naye hakucheka wala hakulia. Alichukua pini, akapiga magoti kwenye pindo la mama yake, akauliza apunguze kiasi gani, mama. Bahati yake ni kwamba fundi yeyote humwita mama mteja wa umri ule, kwa hiyo hapo hakuna aliyevunja sheria.

Sheria yenyewe ni hii, na msinitolee macho mimi, sikuitunga. Wale jamaa hujiita Wasikivu. Kwao mtu haokoki mpaka aisikie Sauti, na akishaisikia husimama mbele ya ukumbi siku ya Jumatano akatangaza, na kila mwaka hurudia, ili ijulikane kwamba masikio yake bado yako wazi. Anayesema hajasikia huitwa kiziwi. Hakuna kula na kiziwi, hakuna kumsalimia, hakuna kumpa zawadi wala kupokea yake, na nyumbani kwa Msikivu haingii, hata kama ni nyumba ileile alimojifunza kutambaa. Kilichobaki ni kazi na malipo tu, maana hata Wasikivu hununua sabuni na kutengenezesha viatu, na mafundi viatu wote wa dunia hii hawawezi kuwa watakatifu.

Fundi wetu alitangaza mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na miwili. Hakuwa amesikia kitu. Alisema amesikia kwa sababu binamu zake wote walikuwa wameshasikia, na kwa sababu mama alikuwa amemshonea gauni jipya la siku hiyo, ingekuwa aibu lirudi kabatini hivihivi. Akaendelea hivyo miaka kumi na saba, kila mwaka akitia chumvi kidogo zaidi, hadi Mlezi, ndiye mkuu wao, akawa anamtolea mfano kwa vijana. Si kwamba hakujaribu. Alifunga, alipiga magoti hadi yakaota sugu, alishinda kimya siku nzima akitega sikio, naye ni mtu aliyezaliwa na mdomo, nyumbani walimwita Chiriku kwa jinsi alivyopayuka. Hakusikia kitu. Mwaka uliofuata alisimama mbele ya watu mia mbili, akamwona mama yake safu ya pili akimtazama kwa fahari, na ulimi ukakataa katakata kudanganya.

"Sijasikia kitu," alisema. "Sijawahi."

Walimtoa kabla ya wimbo wa mwisho. Mama hakugeuka kumtazama akitoka, na hilo ndilo lililomkaa rohoni kuliko kutolewa kwenyewe. Miaka miwili wakapishana njiani kama watu wasiojuana, mmoja akitazama dirisha la duka, mwingine akitazama viatu vyake. Ndipo likaja gauni lisilo na kasoro.

Tangu siku hiyo mama akawa mteja. Na mteja gani, jamani. Kila Jumatatu asubuhi yupo. Leo pindo, wiki ijayo kifungo, wiki ya tatu mikono ifupishwe, ya nne ameichukia hiyo mifupi, irefushwe. Alikuwa na magauni sita tu maishani mwake na yote yalifumuliwa na kushonwa upya mpaka kitambaa kikachoka. Mafundi wawili wa duka la jirani walimwonea fundi huruma kwa kupata mteja msumbufu namna ile, mmoja akamshauri ampandishie bei akimbie mwenyewe. Fundi akacheka, akasema huyo mwacheni, nimeshamzoea.

Walizungumza kazi tu, na kwa hilo wakawa hodari. Mama akitaka kujua kama mwanawe anakula, alishangaa kwa sauti fundi mwenye mikono myembamba vile anainuaje pasi. Fundi akitaka habari za mdogo wake, aliuliza kama nyumbani yupo mwingine wa kushonewa, na mama akajibu yupo mmoja, amenenepa, mzima wa afya, hana haja ya fundi kwa sasa. Halafu anapimwa. Hata kwa kifungo kimoja alitaka apimwe, kifua, kiuno, nyonga na mabega, na fundi alimzungushia futi taratibu, mikono ikipita mgongoni, na kwa pumzi mbili tatu ikawa amemkumbatia mama yake. Vipimo viliingia daftarini, na Mlezi mwenyewe angelifungua daftari lile asingeona dhambi.

Daftari hilohilo ndilo lililotoa habari mbaya. Kiuno kilipungua inchi moja, mwezi uliofuata mbili. Fundi akajiambia ameshika futi vibaya, akapima tena, ikawa vilevile. Akajiambia watu wakizeeka hupungua. Ilipofika inchi ya nne, na mifupa ya mabega imetokeza chini ya kitambaa, hakujiambia kitu. Alitaka kumshika mama yake amtikise, amuulize una nini, tangu lini, hospitali umekwenda? Akauma ulimi. Aliuliza tu kama apunguze na hapa ubavuni.

"Punguza," mama alisema. "Bado utapunguza sana."

Jumatatu moja akaja na kitambaa kipya, cheupe. Alitaka gauni refu, mikono hadi kwenye viganja, lisiwe na mfuko wala zipu, lifungwe kwa kamba nyuma. Fundi alilijua gauni hilo. Zamani, kabla hajatolewa, alishawashonea wazee wengi wa ukumbini, ni gauni wanalovishwa Wasikivu siku ya kuzikwa. Mama alimkazia macho mpaka akaona ameelewa, kisha akaanza kueleza kola anaitaka vipi. Fundi aliandika kila alichoambiwa, mwandiko umempinda, machozi yamemlenga na hana ruhusa ya kuyafuta.

Alilishona siku tatu, kazi safi, mshono wa ndani mzuri kama wa nje. Na hapo, mtu mzima na akili zake, akafanya kosa la kijinga kupita yote. Mama alipokuja kulichukua akafungua mkoba alipe, fundi akamshika mkono. Hili sichukui hela, mama, akasema, hili liache. Lilimtoka tu. Angekuwa mteja mwingine angeshukuru akaenda zake na kicheko. Lakini kitu kisicholipiwa ni zawadi, na Msikivu aliyepewa zawadi na kiziwi harudi tena kwa kiziwi huyo, hata kwa kazi. Na pembeni, kwenye benchi, alikaa mwanamke wa ukumbini akisubiri zipu yake. Fundi alikuwa amemsahau kabisa.

"Umesahau, wewe," mama alisema kwa sauti ndogo.

Aliweka hela mezani haraka, lakini neno lilikuwa limeshatoka na limeshasikika. Akaliacha gauni pale, akatoka mikono mitupu. Fundi alimkimbilia hadi barabarani akimtajia bei, akaitaja mara tatu kwa sauti kama mwehu, watu wakasimama kumshangaa. Mama hakugeuka.

Jumatatu iliyofuata hakuja. Wala ya pili, wala ya tatu. Fundi alikaa roho juu, kila kivuli kikipita mlangoni anainuka. Miaka yote ile ameuchunga ulimi, ameushinda kwa hamu, ameushinda kwa uchungu, akaja kushindwa kwa huruma. Alijilaani kwa kila jina analolijua. Siku moja alilia juu ya cherehani hadi akamharibia mtu koti la harusi, na mwenye koti alipokuja juu, fundi akamrudishia hela yake yote.

Wiki ya sita akaja mdogo wake. Huyu ni mwanamke mnene, mpole, Msikivu tangu utotoni, hajawahi kusita hata mwaka mmoja. Hakuingia ndani. Alisema, macho kwenye cherehani, kwamba kuna mteja hawezi tena kutembea, na Mlezi ameruhusu fundi alete gauni amjaribishe kitandani, malipo atapewa hukohuko. Alimwita fundi, dada yake wa tumbo moja. Fundi akakunja gauni, akachukua pini na futi, akamfuata nyuma hatua kumi kama inavyotakiwa.

Sebuleni alikuwapo Mlezi na wazee wawili, mlango wa chumba wameuacha wazi. Mama alikuwa amebaki macho na mifupa tu. Fundi alipiga magoti kando ya kitanda, akamzungushia futi ingawa hakukuwa na cha kupima, na mama akanong'ona apime polepole.

"Chiriku," akasema. Miaka minne jina hilo halikuwa limepita kinywani mwake. "Mimi kufa siogopi. Ninakokwenda nakujua, nimeambiwa tangu nikiwa msichana. Ila wewe hutakuwepo. Ndiyo maana nilikuwa nakuja. Nilitaka nikushibe hapahapa."

Fundi alibaki na futi mkononi. Kumbe alivyokuwa akifurahia zile Jumatatu, akidhani mama amepata ujanja wa kumrudisha kidogokidogo, mwenzake alikuwa anaaga. Alikuwa anajaza akiba ya mtoto wake, ya kwenda kukaa nayo milele bila yeye. Alikuwa ameacha ukoo, ukumbi na meza ya mama yake kwa ajili ya neno moja alilokataa kuendelea kulisema kwa uongo, na hajawahi kulijutia. Lakini sasa aliutazama uso ule, akaona ukweli wake hauna thamani ya kumwacha mama aende hivi.

"Nimesikia, mama," akasema.

"Lini?"

"Leo asubuhi. Nilipokuwa nafungua duka. Imeniita kwa jina."

Mama alimshika shavu akamchunguza. Lakini mtu akidanganya miaka kumi na saba anakuwa fundi wa hiyo kazi pia, na uso wake haukutikisika. Mama akaanza kulia, akaita watu. Mlezi akaingia, akamhoji Sauti imesemaje, imetokea upande gani, ilikuwa nzito au nyororo, na Chiriku akajibu yote bila kigugumizi, vizuri kuliko alivyowahi kujibu akiwa na miaka kumi na miwili. Wakamfungulia palepale, si kiziwi tena. Mdogo wake alimkumbatia kwa nguvu, akamwita dada, akalia hadi akakohoa.

Walipata siku tisa. Chiriku alimlisha mama kwa kijiko, alimwogesha, alimchana nywele zilizobaki, na alipayuka kutwa nzima, umbea wote wa miaka minne, wateja, majirani, yule fundi aliyetaka bei ipande, mpaka mama akacheka akamwambia anyamaze, mbavu zinauma. Alipokuwa na nguvu mama alipanga safari yake. Alisema atatangulia, atakaa karibu na mlango, wasije wakapishana katika umati. Alisema asiharakishe kuja, ashone kwanza, azeeke, yeye atangoja tu. Chiriku aliitika ndiyo, mama. Kila ndiyo ilimkata.

Mama alifariki Jumapili mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa mwanawe, akiwa na uso wa mtu anayekwenda mahali anapopajua. Chiriku alimwosha pamoja na mdogo wake, wakamvika gauni jeupe, na kaburini akasimama mahali pa mtoto wa kwanza. Watu walimpa pole kwa kumwita jina. Jumatano alitakiwa asimame mbele ya ukumbi atangaze. Alivaa kabisa, akafika mpaka kwenye geti, akasikia wanavyoimba, akarudi nyumbani.

Asubuhi yake mdogo mtu akaja dukani. Safari hii aliingia, akaketi kwenye benchi, mikono mapajani. Alisema jana walimngoja. Chiriku akasema anajua. Mdogo wake akaviringisha ncha ya mtandio wake, kisha akauliza, na alionekana ameogopa kuuliza.

"Dada, siku ile ulisikia kweli?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, ungetoka bila shida. Lakini huyu hakuwa anakufa. Huyu alikuwa na Jumatano nyingi mbele yake, na zote angezitaka na dada yake pembeni, wakisimama pamoja kila mwaka, na Chiriku alijua hataziweza hata mbili.

"Hapana," akasema.

Alijiandaa kwa hasira, kwa laana, hata kwa kofi. Mdogo wake hakukasirika. Midomo ilimcheza kidogo, kisha macho yakamjaa machozi.

"Basi mama anakungoja bure," akasema.

Akainuka, akatoka polepole, na Chiriku hakumwita. Yeye haamini kwamba uko mlango wowote, wala kiti kando yake, wala mtu wa kuketi hapo. Angeweza kuapa. Lakini alimwona mama yake ndani ya gauni lile jeupe, akiinua macho kila anapoingia mtu, anaona siye, anayashusha. Akaweka kichwa juu ya meza ya kukatia, akalia mpaka mteja wa kwanza akabisha hodi.