Padri Valens Aenda Kuomba Radhi

Padri Valens alikuwa na miezi michache tu ya upadri alipopelekwa Golo Ntala, juu milimani Manggarai, na mahubiri yake yalikuwa marefu kama mvua za huko. Jumapili moja Mzee Pius Jegaut akakoroma mpaka kwaya ikaangua kicheko. Padri akapandwa na hasira.

"Mzee Pius! Kama ni kulala, kitanda si unacho nyumbani?"

Mzee akainuka, akakaza kikoi chake, akaenda zake. Jumapili iliyofuata ukoo wake mzima haukuonekana, na ukoo huo ndio nusu ya kanisa.

"Umemfukuza mwenyewe, sasa unachungulia mlangoni ya nini?" akauliza Mama Sisila, mpishi wa padri, huku akipepeta mchele. "Mpelekee jogoo mweupe na chupa ya tembo, umwombe radhi; ndivyo huku tunavyoombana radhi."

"Mimi, padri, nikaombe radhi na jogoo mkononi?"

"Haya, kayahubirie mabenchi."

Valens, mtoto wa mjini Maumere, hakuwahi kushika jogoo maishani. Alimkumbatia kama mtoto wa kubatizwa. Alipofika naye uani kwa Mzee Pius, jogoo akamdonoa kidevu, akachomoka, akakatiza juu ya mikeka ya kahawa iliyoanikwa. Padri akamfuata mbio, kanzu kaishika mkononi, akateleza, akaenda chini puu! kwenye tope la nguruwe. Wanawake wa jikoni walicheka hadi wakashikana mabega.

Mzee Pius akatoka, akijikaza asicheke.

"Padri, umekuja kwa heri au umekuja kuiba kuku?"

"Nimekuja kuomba radhi, baba. Nilikuaibisha mbele za watu."

"Usiku wa kuamkia Jumapili ile nilikesha shambani nafukuza nguruwe pori. Ungeniuliza tu."

Valens akahisi uso unamwaka. "Sikuuliza, baba. Nisamehe."

Mzee akainama, akamdaka jogoo miguu kwa mkono mmoja, akampa mkewe.

"Ingia ndani. Ila nawa kwanza, unanuka."

Wakamvika kikoi cha mzee, kikamfikia magotini. Wakala, wakanywa, na mama mwenye nyumba akamwongezea wali bila kumwuliza. Jumapili ukoo wote ulikuwa kanisani, na Mzee Pius alikaa benchi la mbele kabisa.